Msingi wa Nyumba ya Kiwandani Umekataliwa na Benki: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumlipa Fundi

Mkopo unakwenda vizuri, malipo ya awali yapo, mthamini ameshapita, halafu ofisa mikopo anaandika mstari mmoja: tunasubiri cheti cha mhandisi kuhusu msingi. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili tulioko Marekani, nyumba ya kiwandani, ile ambayo wengi tumezoea kuiita trela, mara nyingi ndiyo inayolingana na mfuko wa mtu anayeanza. Na mstari huo mmoja ndio unaokwamisha safari.

Kinachoniuma ni jinsi pesa zinavyopotea baada ya hapo. Watu hukimbilia fundi. Fundi anakuja, anabadilisha sketi ya nje (kile kizuizi kinachozunguka sehemu ya chini ya nyumba), anaongeza mikanda ya chuma, anachukua hela zake na kuondoka. Wiki moja baadaye mhandisi anaingia chini ya nyumba na kusema msingi bado haufai, kwa sababu kilichotengenezwa hakikuwa ndicho kilichokosekana. Kwa hiyo kanuni ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza ni hii: mhandisi kwanza, fundi baadaye, na kabla ya mhandisi, hakikisha unajua ni nani hasa aliyekataa na kwa sharti lipi.

Cheti chenyewe kinapima nini

Nyumba ya kiwandani hufika ikiwa juu ya fremu yake ya chuma. Waliokuja kuisimika walipanga nguzo za tofali za bloku chini ya boriti za fremu hiyo, wakaiteremsha juu yake. Inakaa kwa uzito wake, kama chungu juu ya mafiga. Mafiga hubeba, lakini hayashiki. Upepo mkali ukiipiga nyumba ubavuni, nguvu ni mbili: moja inasukuma kwa upande, nyingine inainua. Nguzo za tofali zilizopangwa tu haziwezi kujibu lolote kati ya hayo mawili.

Ndiyo maana nyumba inaweza kuwa imekaa miaka 20 bila kusogea, sakafu imenyooka, milango inafunga vizuri, na bado ikakosa cheti. Mhandisi haulizi kama nyumba imesimama. Anauliza kama imefungwa kwenye ardhi kwa namna ya kudumu. Kipimo chake ni mwongozo wa wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, kuhusu misingi ya kudumu ya nyumba za kiwandani, toleo la Septemba 1996, namba HUD-4930.3G. Mwongozo huo unadai hesabu ya mzigo unaoshuka chini, nguvu inayosukuma kwa mapana ya nyumba, inayosukuma kwa urefu wake, na inayoinua. Hesabu hiyo hubadilika kwa mahali: theluji ya eneo, upepo wa eneo, matetemeko, na kina ambacho ardhi huganda wakati wa baridi.

Umeambiwa "msingi haukubaliki" bila maelezo zaidi

Usifanye lolote bado. Mwandikie ofisa mikopo na umwombe akutumie kwa maandishi sharti lenyewe lilivyoandikwa na mchambuzi wa mkopo. Majibu yake yatakuweka kwenye njia mojawapo kati ya hizi.

Kama ni mkopo wa FHA, yaani unaowekewa bima na shirika la serikali la mikopo ya nyumba, unaofungwa pamoja na ardhi, hakuna njia ya mkato. Lazima awepo mhandisi au msanifu majengo mwenye leseni ya jimbo ambamo nyumba ipo, athibitishe kwa muhuri na saini kwamba msingi unakidhi mwongozo niliotaja hapo juu. Kama ni mkopo wa kawaida unaouzwa kwa Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, sharti la msingi ni kwamba nyumba iwe imesimikwa kwa kufuata maelekezo ya kiwanda na kanuni za jimbo na za eneo, na kwamba magurudumu, ekseli na ulimi wa kukokotea vimeondolewa. Hapo barua ya mhandisi inaweza kuwa sharti la benki yenyewe, si la anayenunua mkopo. Tofauti hiyo ina maana kubwa: sharti la benki moja unaweza kulikwepa kwa kwenda benki nyingine, sharti la FHA huwezi. Mkopo wa maveterani, VA, nao unadai msingi wa kudumu, lakini hutegemea zaidi kanuni za jimbo na za mahali.

Na kama nyumba iko kwenye kiwanja cha kupanga ndani ya mtaa wa nyumba za aina hii (mobile home park), simama hapo hapo. Mkopo wa nyumba na ardhi unahitaji uwe na ardhi. Hata ukimwaga zege la kutosha daraja, kiwanja kitabaki cha mwenyewe. Unachotafuta wewe ni mkopo wa mali inayohamishika, na huo una masharti tofauti kabisa.

Jambo jingine la kuhakiki mapema: je, hii ni nyumba ya kiwandani kweli? Kuna nyumba zilizojengwa kiwandani kwa vipande lakini kwa kufuata kanuni za ujenzi za jimbo. Hizo zina kibandiko cha jimbo, hazina kile kibati chekundu cha chuma cha HUD, na hazihusiki na cheti hiki. Wathamini nao huwa wanachanganya.

Mhandisi ameingia uvunguni na kutoka akitikisa kichwa

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chanzo cha kwanza, na ninachokiona zaidi ya vyote, ni nanga za kuzungusha. Ukilala chali chini ya nyumba na tochi, utaona mikanda ya chuma inashuka kutoka kwenye boriti hadi kwenye fimbo iliyozungushwa ardhini kama skrubu kubwa. Muuzaji atakuambia, "Nyumba imefungwa, angalia mikanda." Kweli imefungwa, na majimbo mengi huikubali mikanda hiyo kwa usimikaji wa kawaida. Lakini mwongozo wa HUD hauzihesabu nanga za kuzungusha kwenye udongo kuwa ufungaji wa kudumu. Udongo hulowa na kulegea, fimbo hushika kutu, mkanda hupoteza mvuto. Gusa mkanda kwa vidole viwili: mkanda uliokaza haujongei, uliolegea hucheza. Katika nyumba za zamani utakuta baadhi ya mikanda inacheza na mmoja au miwili haina hata fimbo chini yake. Kuongeza nanga nyingine za aina hiyo hiyo hakusaidii chochote kwa FHA, na hapo ndipo fundi wa haraka anapokula pesa za watu.

Dawa yake ni kuhamishia nguvu hizo kwenye zege. Mhandisi anaweza kuagiza mashimo machache yachimbwe, zege limwagwe likiwa na vishikio vya chuma ndani yake, kisha boriti ifungwe humo. Au ataagiza mikono ya chuma inayokwenda mshazari kutoka kwenye boriti hadi kwenye kitako cha zege, mingine kwa mapana ya nyumba na mingine kwa urefu. Idadi yake hutoka kwenye hesabu, kwa hiyo usikubali fundi akukadirie kwa macho. Omba mchoro wenye muhuri kabla ya kununua hata boliti moja.

Chanzo cha pili kiko chini ya nguzo. Fukua kidogo pembeni ya nguzo moja kwa kijiko cha bustani. Je, kuna kitako cha zege lililomwagwa, au kuna kigae cha plastiki, ubao uliooza, au tofali moja bapa lililolazwa juu ya majani? Nguzo bila kitako huzama kidogo kidogo, moja kuliko nyingine, na dalili zake huonekana juu: ufa kwenye dari pale vipande viwili vya nyumba vinapokutana, mlango wa chumbani unaojifungua wenyewe, sakafu inayolia.

Katika majimbo ya baridi kuna la zaidi. Maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda huvimba na kuinua kila kilicho juu yake, kisha masika yakifika kila kitu kinashuka, lakini hakirudi pale pale. Mlango unaokwama Januari na kufunguka vizuri Juni unakuambia habari hii bila kuhitaji mhandisi. Kitako lazima kifike chini ya kina ambacho ardhi huganda. Michigan kina kinachotumika sana ni inchi 42, zaidi ya mita moja. Kusini mwa Florida hakuna kina cha kuzungumzia. Ofisi ya vibali vya ujenzi ya kaunti yako itakupa namba yake kwa simu moja, na mimi ningepiga simu hiyo kabla hata ya kutoa ofa ya kununua.

Chanzo cha tatu ni vitu vidogo vinavyokusanyika: kabari za mbao zilizochomoka juu ya nguzo, tofali lililopasuka, nguzo iliyoinama, tofali lililolazwa ubavu badala ya kusimamishwa ili mashimo yake yaelekee juu. Haya ni rahisi kurekebisha, na mhandisi mwenye busara atayaorodhesha, atampa fundi kazi ya siku moja, kisha atarudi kutazama au kudai picha. Kama tatizo lako lote ni hili, shukuru.

Kisha kuna ulimi wa kukokotea na ekseli. Mara nyingi huachwa uvunguni kwa sababu kuvitoa ni usumbufu. Vitoe. Nyumba yenye magurudumu bado inatazamwa kama kitu cha kuhama.

Uvungu umelowa, au haupitiki

Mhandisi asipoweza kuingia, hawezi kuthibitisha. Kanuni za HUD za usimikaji zinataka mlango wa kuingilia uvunguni usiopungua inchi 18 kwa upande wowote na wenye eneo la angalau futi 3 za mraba, na boriti ya chini kabisa iwe juu ya ardhi kwa inchi 12 au zaidi. Nimeshuhudia ziara ya mhandisi ikiharibika kwa sababu tu mlango wa uvungu ulizibwa kwa misumari na mwenye nyumba wa zamani aliyechoshwa na paka. Fungua mlango siku moja kabla. Toa matairi, mbao na makopo ya rangi.

Maji yaliyotuama ni kesi nzito zaidi, kwa sababu yanaharibu udongo unaobeba nguzo. Tazama nje kwanza: ardhi inayoizunguka nyumba inatakiwa iteremke kwenda mbali nayo, nusu inchi kwa kila futi, kwa futi 10 za mwanzo. Kama inateremka kuelekea nyumba, hakuna dawa ya uvunguni itakayodumu. Rekebisha mteremko, weka mifereji ya paa na uipeleke mbali, ndipo utandike plastiki nzito juu ya udongo wa uvunguni. Plastiki hiyo inatakiwa kuwepo hata pasipo na maji, kwa sababu unyevu wa udongo hupanda na kuozesha mbao za sakafu na kushikisha boriti kutu. Lakini ukianza na plastiki juu ya udongo uliotota, umefunika tatizo tu.

Sketi ya nje imekataliwa

Ile plastiki nyembamba inayozunguka sehemu ya chini ya nyumba, sketi, inawasumbua watu kwa sababu kila nyumba ya mtaani inayo na hakuna anayeona ubaya wake. FHA inataka uvungu uzungushiwe ukuta unaoendelea bila kukatika, ulioshikizwa imara, unaozuia wadudu na maji na unaoruhusu hewa kupita. Kwa nyumba ambayo si mpya, sketi nyepesi inakubalika kwa sharti moja: eneo lake lote liwe limeshikizwa kwa kudumu kwenye ukuta wa nyuma wa zege, tofali, mbao zilizotiwa dawa, au kitu chenye nguvu na uimara kama huo.

Kwa hiyo si lazima uitupe. Fundi mzuri huitoa kwa uangalifu, hujenga fremu na mbao zilizotiwa dawa nyuma yake, kisha huirudisha. Mwambie asisahau matundu ya hewa. Kipimo cha kawaida cha kanuni za usimikaji ni futi 1 ya mraba ya uwazi kwa kila futi 150 za mraba za sakafu, na hupungua sana, hadi 1 kwa 1,500, pale uvungu ulipotandikwa plastiki. Na tafadhali, usijenge ukuta mzuri wa tofali kuzunguka nyumba nzima ukidhani umeshatengeneza msingi. Ukuta usiobeba nyumba na usiofungwa nayo ni sketi ya bei ghali.

Kibati chekundu hakionekani

Kila kipande cha nyumba ya kiwandani kilichotengenezwa tangu tarehe 15 Juni 1976 kilitoka kiwandani na kibati chekundu cha chuma, kidogo, kama inchi 2 kwa 4, kilichogongwa nje kwa nyuma. Nyumba ya vipande viwili ina vibati viwili. Ndani ya nyumba kuna karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye kabati la jikoni, karibu na kibao cha umeme, au ndani ya kabati la nguo la chumba kikubwa. Karatasi hiyo inataja kiwanda, tarehe, nambari ya nyumba (ile ya kiwandani, serial number, si ya anwani), na maeneo ya upepo na theluji ambayo nyumba iliundwa kuyastahimili.

Nyumba iliyotengenezwa kabla ya tarehe hiyo haina matengenezo yanayoweza kuipa mkopo wa FHA. Ni ngumu kulisema kwa mtu aliyeshaipenda nyumba, lakini ni bora alisikie leo.

Kibati kikikosekana, mara nyingi hakikuibwa. Kimefunikwa na ubao mpya wa nje au kimepakwa rangi. Inua ncha ya ubao upande wa nyuma na utazame kabla ya kukata tamaa. Kikiwa kimepotea kweli, HUD haitoi kingine, lakini taasisi iitwayo IBTS hutoa barua ya kuthibitisha nambari za kibati kwa malipo, na benki huikubali. Utahitaji nambari ya nyumba. Karatasi ya ndani nayo ikiwa imechanwa, ingia uvunguni upande wa mbele: nambari hiyo imegongwa kwenye chuma cha kwanza cha kukingama cha fremu. Piga brashi ya waya, sugua chaki, upige picha ukimulika kwa pembeni ili kivuli kizionyeshe tarakimu.

Mhandisi ataandika nambari hizi kwenye barua yake. Ukiwa nazo kabla hajafika, umeokoa siku kadhaa.

Karatasi ya ndani inasema jambo lisilolingana na mahali

Baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992, HUD ilibadilisha kanuni za upepo, na tangu Julai 1994 nyumba huundwa kwa maeneo matatu ya upepo. Nyumba ya eneo la I haitakiwi kusimikwa eneo la II au III, yaani sehemu kubwa ya pwani za Florida, Louisiana na North Carolina. Ukikuta karatasi inasema I na wewe uko karibu na bahari, tatizo si msingi, ni nyumba. Hakuna zege litakaloibadilisha.

Kutolingana kwa aina hii huibua swali la pili: je, nyumba iliwahi kusimikwa kwingine? FHA inataka nyumba iwe imetoka kiwandani au kwa muuzaji moja kwa moja hadi hapo ilipo. Tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye karatasi na tarehe ya kibali cha usimikaji kwenye ofisi ya kaunti. Ikiwa nyumba ni ya 1998 na kibali ni cha 2011, muulize muuzaji ilikuwa wapi miaka hiyo 13. Muulize kabla hujamlipa mhandisi, kwa sababu mhandisi anaweza kutoa cheti kizuri kabisa cha msingi na mkopo ukakataliwa kwa historia ya nyumba.

Baraza, chumba cha nyongeza, au gereji iliyoegemea nyumba

Nyumba ya kiwandani haikuundwa kubeba paa la jirani. Baraza lenye paa lililopigiliwa kwenye ukuta wa nyumba linaongeza uzito na upepo ambao kiwanda hakikuuhesabu, na mthamini akiliona ataliandika. FHA itataka ukaguzi wa ofisi ya jimbo inayosimamia nyumba hizi, au kama jimbo halina wakaguzi wa namna hiyo, barua ya mhandisi wa majengo kwamba nyumba ingali imara. Hii ni barua tofauti na ya msingi, ingawa mhandisi mmoja anaweza kutoa zote mbili katika ziara moja ukimweleza mapema.

Dawa nafuu mara nyingi ni kulitenga: baraza lisimame kwa nguzo zake lenyewe, lisiegemee nyumba kabisa.

Nyumba iko kwenye eneo la mafuriko

Hapa kuna kosa la kuelewa ambalo limegharimu watu wengi. Muuzaji anasema, "Sakafu iko juu sana, maji hayawezi kufika." Kwa nyumba ya kiwandani, FHA haitazami sakafu. Inatazama ardhi iliyo chini ya nyumba: udongo uliosawazishwa uvunguni lazima uwe sawa na, au juu ya, kimo cha mafuriko ya miaka 100, yaani mafuriko makubwa yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote. Nyumba inaweza kusimama juu ya nguzo ndefu, sakafu ikiwa juu kuliko kichwa cha mtu, na bado ikafeli.

Mlipe mpima ardhi mwenye leseni atoe cheti cha mwinuko kabla ya kutumia senti nyingine. Ikionekana ardhi iko juu ya kimo hicho, cheti hicho kitakusaidia na benki, na huenda kikakuwezesha kuomba FEMA, shirika la serikali la kushughulikia maafa, iitoe nyumba yako kwenye eneo la hatari. Ikionekana iko chini, ushauri wangu ni kuachana na nyumba hiyo au kubadilisha aina ya mkopo. Kuinua nyumba, kujaza udongo na kusimika upya ni mradi ambao kwa nyumba ya bei hii haulipi.

Barua ipo, benki imeikataa

Fungua barua yenyewe usome. Je, mhandisi ana leseni ya jimbo hili? Mhandisi wa Indiana hawezi kuthibitisha nyumba ya Kentucky kwa leseni ya Indiana, hata kama mto tu ndio unaotenganisha. Je, inataja mwongozo wa HUD wa 1996 kwa jina, au inasema tu "msingi ni mzuri"? Je, anwani na nambari za vibati ni za nyumba hii? Je, muhuri unasomeka?

Kuna pia barua za bei rahisi zinazotolewa bila mtu yeyote kuingia uvunguni. Wapo wahandisi wanaotuma mkaguzi apige picha, kisha wao wakapitia na kutia muhuri. Hilo ni jambo jingine, mtu ameingia. Lakini anayekuahidi cheti kwa picha mbili za nje anakuuzia karatasi itakayokataliwa. Kabla ya kumlipa yeyote, tafuta jina lake kwenye tovuti ya bodi ya wahandisi ya jimbo. Ni bure na huchukua dakika chache.

Habari njema ni kwamba FHA inaikubali barua ya zamani ya mkopo wa FHA uliopita, ikiwa msingi haujabadilishwa na hauna uharibifu unaoonekana tangu ilipotolewa. Muulize muuzaji na kampuni ya hatimiliki kama kuna barua kwenye faili la mkopo uliopita. Benki nyingine hudai mpya, lakini hata hapo mhandisi aliyetoa ya kwanza anaweza kuihuisha kwa bei ndogo kuliko kuanza upya.

Msingi umepita, mkopo bado haujapita

Basi tatizo liko kwenye hati. Nyumba ya kiwandani huanza maisha yake na hati kama ya gari. Ili benki iikopeshe pamoja na ardhi, hati hiyo lazima ifutwe na nyumba iandikishwe kuwa sehemu ya ardhi. Kila jimbo lina njia yake. Texas kuna taarifa ya umiliki inayotolewa na idara ya nyumba ya jimbo, TDHCA. Arizona na Kentucky mwenye nyumba huapa kiapo cha kuiunganisha nyumba na ardhi na kukisajili kaunti. Georgia kuna cheti cha mahali pa kudumu.

Kinachokwama zaidi ni hati ya asili iliyopotea, au yenye jina la mmiliki aliyefariki, au yenye mkopo wa zamani uliolipwa lakini haukufutwa. Wapo wanaonunua kwa muuzaji anayewakopesha mwenyewe, wakalipa miaka, kisha wakataka mkopo wa benki na kugundua hati ya nyumba haijawahi kubadilishwa jina. Kama unanunua kwa namna hiyo leo, dai nakala ya hati ya nyumba na ya ardhi, zote mbili, kabla ya malipo ya kwanza. Anza kazi ya hati siku ile ile unayompigia mhandisi, kwa sababu ofisi za serikali huchukua muda mrefu kuliko zege kukauka.

Nani alipe matengenezo

Ziara ya mhandisi ni mamia ya dola. Matengenezo ya kufunga nyumba kwenye zege yanaweza kufika maelfu. Mnunuzi ambaye hajasaini bado haimiliki nyumba, na akilipa matengenezo kisha mkopo ukaanguka kwa sababu nyingine, amemtengenezea muuzaji nyumba bure. Kwa hiyo mlipe mhandisi, hiyo ni habari unayoinunua kwa faida yako, lakini matengenezo yaandikwe kwenye mkataba kuwa ni ya muuzaji, yakamilike na kukaguliwa kabla ya kusaini. Muuzaji mwenye akili atakubali, maana mnunuzi atakayefuata akija na mkopo wa FHA atadai hayo hayo.

Kama ndugu au mzee wa familia hasomi Kiingereza vizuri, omba mkalimani kwenye mazungumzo ya mkataba, au mwende na mtu mnayemwamini asome kipengele cha matengenezo neno kwa neno.

Barua ikishatoka, weka nakala pamoja na hati ya ardhi, mchoro wa mhandisi na picha za uvungu zenye tarehe. Na kabla ya kujenga baraza jipya, mpigie yule yule mhandisi umweleze unachotaka kujenga. Ukilijenga likaegemea nyumba, barua yako haitatumika tena siku utakapouza.